Dirisha Lifunguke

Dirisha la chuma la nyumba ya Goma huanza kufa upande wa chini. Mwenye nyumba hutazama kioo, akiona kimepasuka husema dirisha limechakaa. Au hutazama rangi, akiona imebambuka humwita mpaka rangi. Ugonjwa wenyewe uko kwenye ukingo wa chini wa fremu, pale kioo kinapokalia mastiki, ule udongo wa mafuta unaokishika. Mastiki ikikauka hufanya nyufa nyembamba, na maji ya mvua yanayoteremka kwenye kioo huingia humo yakakosa pa kutokea. Chuma kinacholala ndani ya maji hayo hugeuka kutu, na kutu hairidhiki na nafasi iliyokuwa ya chuma: huvimba mara kadhaa, ikasukuma kila kilicho karibu nayo. Ndiyo maana kioo hupasuka kuanzia pembeni, asubuhi moja, bila jiwe wala mpira. Bila shaka wapo watoto waliochapwa kwa kosa la kutu.

Kutu ipo popote penye mvua, lakini Goma, mji wa mashariki ya Kongo, ina ya ziada. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, umesimama kaskazini ya mji, umbali usiofika kilomita 20. Katika miaka ya ziwa lake la lava, kuanzia baada ya mlipuko wa Januari 2002 hadi ule wa Mei 2021, ulihesabiwa miongoni mwa vyanzo vikubwa duniani vya dioksidi ya salfa inayotoka ardhini bila kukatika, na jirani yake Nyamulagira huongeza fungu lake kila anapoamka. Gesi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka asidi. Upepo wa kawaida huipeleka magharibi, juu ya Rusayo, Sake na milima ya Masisi, ambako wakulima huitambua kwa majani ya mazao yanayoungua na kwa manjanja, yaani mabati ya paa, yanayotoboka kabla ya wakati. Lakini upepo hauna mkataba na mtu, na siku unapogeuka mji nao hupata sehemu yake. Zinki inayopakwa kwenye manjanja na kwenye mabomba ya fremu ili kuzuia kutu huyeyuka upesi katika maji yenye asidi. Ikishaisha, chuma hubaki uchi. Ongeza vumbi jeusi la mawe ya lava, linalosaga bawaba kila dirisha linapofunguliwa, na matetemeko yanayopinda fremu kidogo kidogo. Dirisha ambalo kwingine lingedumu maisha ya mwenye nyumba, hapa huomba fundi mapema.

Basi madirisha hubadilishwa. Katika nyumba za mitaa ya Himbi, Kyeshero na Katindo, nyumba za matofali na mawe zenye uwanja na ukuta, yale ya zamani ya chuma yenye vioo vidogo huondolewa, na mahali pake huja mojawapo ya mawili: dirisha la alumini la kuteleza, lenye vioo viwili vikubwa, au kioo kikubwa kisichofunguka kabisa kilichowekewa nondo za kuchomelea kwa nje. Mazungumzo kati ya mwenye nyumba na fundi huhusu bei, sura, vumbi na wezi. Kuna swali moja ambalo halisikiki sana, nalo ndilo lingepaswa kutangulia yote: dirisha hili likikamilika, ni eneo gani litakalofunguka, na je, kila mtu wa nyumbani ataweza kulifungua usiku, gizani, kwa mkono wake? Hoja yangu ni kwamba dirisha la Goma lipimwe kwanza kwa kipimo hicho. Sehemu isiyofunguka ni ukuta unaopitisha mwanga. Ni kitu kizuri, mwanga una thamani yake, lakini haifanyi kazi ambayo mji huu unaihitaji kuliko miji mingi.

Swali hilo halisikiki kwa sababu elimu yetu ya madirisha imetoka nchi za baridi. Huko dirisha jipya hununuliwa ili kuzuia joto lisitoroke: nyumba hupashwa moto kwa miezi kadhaa, nishati ni ghali, na kila ufa ni pesa inayotoka nje. Kwa mtu wa Ghent au Montreal, dirisha zuri ni lile lisilopitisha kitu. Goma iko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake la wastani huzunguka digrii 20 mwaka mzima. Usiku kuna baridi ya kuvaa sweta, lakini hakuna joto la mtambo la kulinda. Ndugu anayetuma pesa kutoka Brussels ili nyumba ya wazazi iwekwe vioo vya tabaka mbili kama vya kwake, anampelekea koti la theluji mtu anayeishi katika hali ya hewa ya shati. Nia ni njema. Ila kitu alicholipia hakina kazi pale, na uzibaji anaousifia unaweza kudhuru.

Unaweza kudhuru kwa sababu ya makala, yaani makaa ya kupikia. Umeme upo: kituo cha umeme wa maji cha Matebe, huko Rutshuru, kilizinduliwa mwishoni mwa 2015 na nyaya zake zikafika mjini, mbali na zile za SNEL, shirika la umeme la taifa. Hata hivyo sufuria nyingi za Goma bado hukaa juu ya mbabula, jiko la makala, na mvua ikinyesha mbabula huingia ndani, kwenye korido au jikoni, wakati mwingine hata chumbani ili makaa ya mwisho yapashe joto kabla ya kulala. Makala yana hila ambayo kuni hazina. Kuni hutoa moshi unaoliza macho, na mtu hukimbia. Makala yaliyoiva hayana moshi wa kuonekana, yanang'aa tu mekundu, nayo hutoa kwa wingi monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, rangi wala ladha, inayokamata damu mahali pa oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na katika chumba kilichozibwa anaweza asiamke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupika kwa kuni, makala na nishati za aina hiyo, ilihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wasiofika miaka mitano. Dawa ya kweli ni kubadilisha jiko na nishati. Lakini mpaka siku hiyo ifike kwa kila nyumba, kinachosimama kati ya mbabula na mapafu ya mtoto ni tundu ukutani.

Nyumba za zamani zililijua hili vizuri kuliko zetu. Juu ya madirisha yake mengi kulikuwa na safu ya matofali ya matundu, karibu na dari, na hewa ya moto ilipanda ikatoka humo mchana na usiku bila mtu kuhitaji kukumbuka. Siku ya kubadilisha dirisha, matundu hayo ndiyo huzibwa kwanza, maana hupitisha vumbi na mbu na huharibu sura ya ukuta mpya. Wavu mwembamba ungezuia mbu kwa gharama ndogo kuliko saruji, lakini mara nyingi hakuna anayeutaja. Nyumba iliyokuwa ikipumua hata madirisha yakiwa yamefungwa sasa hupumua yakifunguliwa tu, na yakiwa ya kuteleza hupumua nusu.

Kama kuna anayedhani kwamba haya ni mapenzi ya vitu vya kale, atazame kilichopimwa Lima, mji mkuu wa Peru. Mwaka 2007 mtafiti Rod Escombe na wenzake walichapisha vipimo vya vyumba 70 katika hospitali nane za mji huo, wakitafuta jinsi ya kupunguza maambukizi ya kifua kikuu. Milango na madirisha yalipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa, zaidi ya maradufu ya mara 12 zinazotakiwa katika vyumba vya mitambo maalumu ya hewa, na mara 18 zaidi ya hali ya kufungwa. Tena majengo yaliyozidi umri wa miaka 50, yenye dari ndefu na madirisha mapana, yaliyashinda yale ya kisasa. Goma ni mji wa vyumba vilivyojaa watu. Kila vita vya Rutshuru na Masisi huongeza ndugu kwenye sebule za watu, na kifua kikuu hakiulizi kama dirisha ni jipya. Chumba cha watu sita kinahitaji hewa ya watu sita.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo pesa inapoamuliwa. Chukua tundu la sentimita 120 kwa 120. Dirisha la kuteleza la vioo viwili, hata likivutwa lote, hufungua nusu, kwa sababu kioo kimoja husimama nyuma ya kingine: karibu mita za mraba 0.7. Dirisha la mbawa mbili zenye bawaba, katika tundu lile lile, hufungua karibu zote 1.4, ukiondoa unene wa fremu. Kwa ukuta ule ule, familia moja imepata hewa maradufu ya nyingine. Watetezi wa alumini wana hoja zao, na si za kupuuzwa: haishiki kutu kama chuma, haihitaji rangi kila baada ya misimu michache, bawa lake haligongwi na upepo wa Ziwa Kivu, wala halichukui nafasi ya baraza. Yote ni kweli, na alumini iliyotibiwa vizuri juu yake huvumilia hewa ya salfa kuliko bomba jembamba la chuma. Lakini reli ya chini ya dirisha la kuteleza ni mfereji, na mfereji hapa hujaa vumbi la lava, ambalo ni gumu na lenye makali. Magurudumu madogo ya plastiki husagika, vitundu vya kutolea maji huziba, maji ya mvua hufurika ndani, na baada ya muda kioo husukumwa kwa mabega. Anayeutaka uimara wa alumini anaweza kuupata bila reli: fundi yule yule hutengeneza pia mbawa za bawaba. Aombwe tu. Ama nako, zile bapa za kioo zinazogeuzwa kwa mkono, hupitisha hewa vizuri kuliko zote, kisha hushindwa kwa jambo la pili: hazifungiki sawasawa, vishikio vyake huliwa na kutu, na bapa huchomolewa kimya kimya na mkono wa nje.

Kufungika ni muhimu, na hapa ndipo pingamizi zito zaidi linapokuja. Mtu anaweza kusema: unatuhimiza kufungua madirisha katika mji ambao hewa yake ya nje yenyewe ni ya mashaka, mlima unatoa salfa, ardhi inatoa mazuku. Ni pingamizi la haki, na linahitaji majibu mawili, kwa kuwa gesi hizo hazifanani. Ile ya mlima huja na upepo, huwasha koo, na huja kwa siku. Siku hiyo madirisha yafungwe, na wenye pumu wakae ndani. Bawa la bawaba linalobanwa na komeo dhidi ya ukingo wa fremu huziba vizuri kuliko kioo cha kuteleza, ambacho lazima kiache mwanya ili kitembee. Kwa maneno mengine, dirisha lililo bora kwa kufungua ndilo hilo hilo lililo bora kwa kufunga, na aliyebaki na kioo kisichofunguka hajapata kinga zaidi yake. Mazuku ni jambo lingine. Ni dioksidi ya kaboni inayopenya kwenye nyufa za ardhi, hasa magharibi ya mji kuelekea Lac Vert, Bulengo na Mugunga. Haionekani, ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hivyo hulala mabondeni na mashimoni usiku usio na upepo, na jua na upepo vikija hutawanyika. Huua mbuzi kwanza, kwa kuwa pua zao ziko chini. Dirisha si dawa ya mazuku, na asiwepo atakayenunua kwa ahadi hiyo. Katika maeneo yanayojulikana kuwa nayo, la kufanya ni kutochimba vyumba chini ya usawa wa uwanja, kutolala sakafuni, kutoacha tundu la chini linalotazama shimo, na kusikiliza maelekezo ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma. Lakini gesi ikishaingia kupitia ufa wa sakafu, chumba chenye madirisha mapana katika kuta mbili huipunguza pindi upepo unapopita, na chumba kilichozibwa huihifadhi kama pipa. Mazuku hayaitetei nyumba isiyofunguka.

Kisha kuna kioo chenyewe. Baada ya lava ya 22 Mei 2021 kusimama kwenye viunga vya kaskazini, ardhi iliendelea kutikisika kwa siku kadhaa, Goma na ng'ambo ya mpaka huko Gisenyi, na tarehe 27 Mei mamlaka iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Tetemeko halivunji kioo kwa kukipiga. Huipinda fremu, ile pembe ya mraba ikawa ya kulala, na kioo, ambacho hakijui kupinda, hukutana na chuma kwenye ncha. Kama kimeachiwa mwanya wa milimita chache kila upande na mastiki bado ni laini, huchezacheza na kubaki kizima. Kama kimekatwa barabara na mastiki imekauka kuwa jiwe, hupasuka. Kioo kikubwa hupata shida zaidi kuliko kidogo, na kikianguka huanguka vipande virefu vyenye ncha. Hapa ndipo yale madirisha ya zamani ya vioo vidogo yanapostahili heshima: kioo cha sentimita 30 kwa 40 kikivunjika hubadilishwa kwa pesa ya mfukoni, na vipande vyake havimfiki kila aliyelala chumbani.

Mabomu ni hivyo hivyo, kwa nguvu zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano ya kuuteka mji yalipofika mitaani, risasi na makombora yalidondoka katika mitaa ya watu, na vioo vilikuwa sehemu ndogo kabisa ya hasara. Hakuna dirisha la nyumbani linalozuia risasi. Lakini mlipuko wa mbali usioufikia mwili hulifikia dirisha, na dirisha ndilo huufikia mwili. Afrika Mashariki ililijua hili kwa uchungu Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Kabla ya bomu kubwa kwenye ubalozi wa Marekani kulisikika kishindo kidogo, na watu katika maofisi ya jirani wakaenda madirishani kutazama. Bomu lilipolipuka sekunde chache baadaye, vioo viliwajia usoni. Watu 213 walikufa mjini humo, maelfu wakajeruhiwa, na wengi walipoteza macho. Kuna vioo vya tabaka mbili zilizogandanishwa kwa utando katikati, ambavyo hupasuka bila kumwagika. Mwenye uwezo avitafute kwa vyumba vya kulala. Asiye nao ana vioo vidogo, pazia zito, na kitanda kilichosogezwa mbali na dirisha, na kanuni isiyogharimu kitu: ukisikia kishindo, usiende dirishani.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa kwanza barazani: wezi. Nani atafungua dirisha usiku Goma? Ni swali la watu walioibiwa, na wengine walioporwa kwa bunduki, na anayelijibu kwa mzaha hajui mji. Nondo ni lazima. Kisichokuwa lazima ni nondo zilizochomelewa ukutani pande zote nne, kwenye kila dirisha, katika nyumba yenye mlango mmoja. Kwanza nondo zenyewe zinaruhusu dirisha kufunguliwa, na hili ni jambo la ajabu la nyumba nyingi: zimewekewa chuma cha kutosha kulala na madirisha wazi, kisha kioo kisichofunguka kikawekwa nyuma ya chuma hicho. Pili, Goma ni mji wa kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikazika mitaa ya kati na sehemu ya uwanja wa ndege. Mwaka 2021 ilishuka jioni ya Jumamosi, watu wakatoka nje gizani. Na nje ya volkano kuna moto wa kawaida, unaokula nyumba za mbao za mitaa iliyobanana, kwa sababu ya mshumaa, waya mbovu au mbabula ile ile. Moto ukishika mlangoni, chumba chenye nondo zisizofunguka hakina njia nyingine. Fundi wa kuchomelea hahitaji chuma zaidi ili kuweka kipande kimoja cha nondo juu ya bawaba katika kila chumba cha kulala, chenye kufuli kwa ndani, lililofunikwa bati ili mkono wa nje usilifikie. Ufunguo ukae kwenye msumari ndani ya chumba, mahali ambapo kila anayelala humo anaweza kuushika bila taa. Watasema mwizi ataupata. Mwizi aliye tayari ndani ya chumba hahitaji ufunguo wa kutokea dirishani.

Nimesema kubadilisha, lakini madirisha mengi yanayotupwa hayakustahili kutupwa. Kabla ya kutoa oda, chukua bisibisi, ukwangue mastiki ya chini, uchome chuma. Ikigonga na kurudi, fremu ni nzima: inahitaji kukwanguliwa hadi chuma king'ae, kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kuwekewa vioo juu ya mastiki mpya, kisha rangi ya mwisho ipandishwe milimita mbili juu ya kioo ili kuufunga ule ufa ambao maji huupenda. Hizo milimita mbili mafundi wengi huzifuta kwa wembe ili kazi ionekane safi, na kwa kuzifuta huukaribisha ugonjwa upya. Bisibisi ikizama, kipande cha chini peke yake hukatwa na kuchomelewa kingine, na vitundu viwili hutobolewa ili maji yapate njia. Bawaba zikiwa zimelika, hubadilishwa bawaba. Gharama yake ni sehemu tu ya dirisha jipya, na kinachobaki ni dirisha linalofunguka lote. Fremu ikiwa imeoza pande zote, ndipo mpya, na hapo mbao zisidharauliwe. Asidi inayokula zinki haili mbao ngumu kama libuyu au mvule. Adui wa mbao ni maji yanayosimama na mchwa, na vyote huzuilika kwa kizingiti chenye mteremko na rangi kwenye ncha zilizokatwa. Mikaratusi ya milimani ni rahisi, ila isiyokaushwa hujipinda hadi bawa likagoma kuingia. Wanaohofia misitu wana haki ya kuuliza mti umetoka wapi, lakini wakumbuke pia kwamba dirisha moja hudumu miaka, na gunia la makala huisha upesi.

Bado kuna pesa. Mabenki ya mji yalifungwa Januari 2025 na biashara nyingi zikabaki kwa fedha ya mkononi. Kumwambia mtu abadilishe madirisha kumi kwa mpigo ni kumcheka. Yafanywe moja moja, kwa mpangilio wa hatari na si wa heshima. Sebule, ambako wageni hukaa, kwa kawaida hutangulia, na ndiyo iliyoweza kusubiri, maana mlango wake hushinda wazi. Kwa mpangaji kuna ugumu wa ziada: dirisha ni la mwenye nyumba, mapafu ni ya mpangaji. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804, iliyo shina la ile ya Ubelgiji na kupitia hiyo ikaigusa ya Kongo, ilimbebesha mpangaji vioo vilivyovunjika, isipokuwa vimevunjwa na mvua ya mawe au ajali kubwa zisizozuilika. Wanasheria wa Paris hawakuwa wakifikiria Nyiragongo wala makombora, lakini wazo lao ni zuri kuandikwa kwenye mkataba wa nyumba wa Goma kwa lugha ya wazi: kioo kilichovunjwa na mtoto ni cha mpangaji, fremu, kutu, tetemeko na vita ni vya mwenye nyumba, na nondo za kufunguka ziwepo kabla ya funguo kukabidhiwa. Mwenye nyumba anayeona hilo ni mzigo akumbuke kwamba anapokea dhamana ya miezi kadhaa kabla mtu hajalala humo hata usiku mmoja.

Anza na jikoni na chumba wanacholala watoto. Mwambie fundi, kabla hajapima, kwamba unataka mbawa za bawaba, tundu lenye wavu juu yake, na kipande cha nondo kinachofunguka. Na kabla ya kumlipa salio lake, fungua kila dirisha mwenyewe, kisha mwite mtoto mkubwa wa nyumba naye alifungue akiwa amefumba macho. Akishindwa, kazi haijaisha, na salio likae mfukoni.